Gambuti za Kwendea Baharini

Mpira mpya una harufu yake. Si ya tairi wala ya ndala. Ni nzito kuliko hizo, na ina utamu fulani unaokwama kooni. Majuzi nilikuwa Kitengela kumwona Mama, nikapita kando ya duka la pembejeo karibu na soko, pale wanapotundika gambuti mlangoni kama nyama buchani. Upepo wa Kitengela, ule usiojua kupumzika, ukanipulizia harufu ile usoni. Nikasimama. Mwenye duka, kijana mchangamfu, akaniuliza navaa namba gani. Nikamwambia sinunui, lakini sikuondoka. Nilibaki nikizitazama zile ndogo za mwisho wa kamba, za watoto, nyeusi zenye soli nyekundu, na moyo wangu ukafanya kitu nilichodhani umeshaacha kukifanya. Uliuma kitoto.

Nilikuwa na miaka tisa tulipofunga safari ya kumpeleka dada yangu Nashipae chuo cha ualimu, mbali huko pwani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na si uongo, alipelekwa. Nisichoambiwa ni kwamba gari lile lilikuwa linapeleka watoto wawili, kila mmoja mahali pake.

Nashipae hakuwa akiishi nasi Kitengela. Aliishi Kimana kwa Koko, mama yake Baba, tangu kabla sijazaliwa. Kwa watu wa Baba, Wamasai, nyumba ya mama mzee haiachwi bila mtoto. Mwanawe akishaoa na kuhamia mjini, humpelekea mmoja wa watoto wake akae naye, amfungulie ndama, amchotee maji, awe sauti nyingine ndani ya nyumba. Mtoto huyo si mfanyakazi, wala si yatima. Ni mtoto wa Koko, basi. Mama ni Mkamba wa Machakos. Aliyakuta hayo alipoolewa, akayanyamazia, kama alivyonyamazia mengine.

Mimi nilidhani Nashipae ana bahati. Sisi tulikaa nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, na upepo ulituletea vumbi la viwanda vya saruji mpaka ndani ya sufuria. Malori ya mawe yalipita mchana kutwa yakitikisa vikombe kabatini. Nashipae alipokuja likizo alikuja na harufu ya moshi na maziwa, na habari za mahali ambapo tembo huvuka barabara kama mtu anayekwenda kwake. Alijua kupiga mluzi wa kuita ndama. Nilimfuata kila alikokwenda, hata chooni nikamngoja mlangoni, na Mama akaniita mkia wa Nashipae.

Kuna alasiri moja ya mvua tuliyojifunika blanketi moja, mimi na yeye, mabati yakipiga kelele mpaka ikabidi tuongee mdomo kwa sikio. Alikuwa ameshamaliza kidato cha nne. Nikamwambia neno ambalo sikuwa nimemwambia mtu mwingine yeyote. Nikasema, “Natamani ningekuwa nalala kwa Koko kila siku, nisikie ndama wakilia.”

“Kweli?” akaniuliza.

Nikasema kweli. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko neno lile lilivyostahili, kisha akanifunika vizuri miguuni.

Miezi ikapita, Nashipae akaitwa chuo, na dalili zikaanza kuja moja moja. Nilizisoma zote, na zote nikazisoma kombo. Siku ya kufunga shule mwalimu wangu wa darasa alinikumbatia mbele ya wenzangu na kuniambia nimtunze sana Mungu moyoni. Nikafikiri nimekuwa wa kwanza. Wiki hiyo hiyo Mama aliniketisha nje ya mlango akaninyoa kipara. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kufikia kusukwa, nikalia kidogo. Akasema pwani kuna joto, nitamshukuru. Mama alikuwa fundi wa kiwanda cha nguo, mikono yake haikuwahi kutetemeka akishika kitu chenye makali, lakini siku hiyo alinikata mara mbili nyuma ya sikio.

Baba alikuwa dalali wa mbuzi. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya mtu asiyetaka kuuza na mtu asiyetaka kununua, na kuwafanya wote wawili waondoke wakidhani wameshinda. Alipenda utani, na watu walimpenda kwa hilo. Kwa safari ile, ya kupitia Kimana kumchukua Nashipae, aliazima pikapu ya milango minne kwa rafiki yake, akanipa kiti cha mbele. Mama alikaa nyuma na godoro jipya la Nashipae, akasema miguu inamuuma. Nilijiona mkubwa. Haikunijia akilini kwamba mtu anayekaa nyuma yako ni mtu ambaye huwezi kumwona uso.

Tulisimama Kajiado mjini tukanywa chai. Ilikuwa siku ya soko. Wazee walikuwa wamesimama na fimbo zao kati ya kondoo, na Baba alisalimiana na kila wa pili wao. Mama alimnunulia Nashipae beseni, ndoo yenye kifuniko, na viatu vyeusi vya ngozi vya kuvaa darasani. Kisha Baba akaniita kwenye kibanda kilichokuwa na gambuti. Akanivalisha mwenyewe, akiwa amechuchumaa, akabonyeza mbele kwa kidole gumba kuona nafasi iliyobaki.

“Hizi zitamtosha hata mwaka kesho,” akamwambia muuzaji.

Nikamuuliza kama gambuti ni za baharini. Baba akamtazama Mama, halafu akacheka. “Ehe. Bahari iko na matope mingi sana. Unadhani watu wanaingia na viatu ya kanisa?”

Muuzaji naye akacheka, akasema huko pwani hata samaki wanavaa gambuti. Nilicheka nao. Mama alikuwa amegeuka akipanga vitu ndani ya beseni, akavipanga tena, akavipanga tena.

Sikuzivua. Tulipita barabara ya Mashuru, miguu yangu ikitokota ndani ya mpira, twiga wakitutazama juu ya miti kama watu walioshikwa wakisengenya. Nilimuuliza Baba kama bahari ina mwisho. Nikamuuliza kama inalala. Alinijibu yote, na kila jibu lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Aliniahidi atanibeba mabegani mpaka maji yamfike kifuani. Akaniambia nitafute chupa tupu, nitajaza maji ya chumvi niwaonyeshe wenzangu shuleni. Nilipata chupa chini ya kiti, nikaisafisha kwa pindo la gauni, nikaipakata hadi tukaingia barabara kuu, hadi Emali, hadi tulipokata kulia na mlima Kilimanjaro ukajitokeza mbele yetu, mweupe juu, bila miguu.

Siku hizi nikiwaza Baba, sikumbuki sana uongo mkubwa. Nakumbuka ile chupa. Uongo mkubwa labda alilazimika. Chupa aliiongeza kwa raha yake.

Tulifika Kimana jua likielekea kuzama. Nilimkimbilia Koko nikainamisha kichwa anigusie utosini, kama watoto wanavyomsalimu mkubwa. Mkono wake ulikaa pale muda mrefu. Alinigusa kipara, akanigusa yale makovu mapya nyuma ya sikio, akasema kitu kwa Kimaa ambacho nilikielewa nusu: kwamba nimekuja, na kwamba nyumba imesikia. Nashipae alitoka ndani, na nilishindwa kumtambua kwa nukta moja. Alikuwa amesukwa. Yeye aliyekuwa kipara miaka yote alikuwa na rasta za kuunganishwa, ndefu hadi mabegani, na mimi niliyekuwa na nywele nilikuwa kama yai.

“Wewe ndio umekuwa Mmasai sasa,” akanitania, akanipapasa kichwa. Halafu akanikumbatia, na hakuniachilia upesi.

Jioni ile alinitembeza. Alinionyesha ndama mwekundu anayependa kukunwa chini ya shingo, kuku anayedonoa, mahali pa kukanyaga ukivuka mfereji ili usiteleze. Alinionyesha kiberiti kinakaa juu ya boriti ipi, na mlango unavyoinuliwa kidogo ndipo ufungike. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka mpya. Alieleza yote taratibu, na mara mbili aliniambia nirudie. Nikadhani anaaga vitu vyake. Nikaona ni jambo la kupendeza, mtu kuaga hata kiberiti.

Asubuhi Koko alitubariki. Alichovya majani mabichi kwenye kibuyu cha maziwa, akatunyunyizia huku akimtaja Enkai, Mungu, na sisi tukiitikia. Alimsimamisha Nashipae atazame lango. Mimi alinisimamisha kando yake, lakini akanigeuza kwa mabega nitazame mlango wa nyumba. Maziwa yalinichuruzika hadi kidevuni, nikayalamba. Nilifurahi kwamba nimebarikiwa sawa na mtu anayekwenda chuo. Sikujiuliza kwa nini mimi natazama ndani.

Sanduku la bati la Nashipae lilikuwa limeshapakiwa. Baba alikuwa akizungukazunguka gari akipiga tairi teke. Mama alikuwa ameketi ndani tayari, ametazama mbele. Nilikuwa nimeshika mlango wa mbele nipande nilipohisi mkono wa Nashipae begani.

“Tumesahau kitu,” akasema. “Kimbia shambani utuchumie nyanya za kula njiani. Chagua zile zimeanza kuiva upande mmoja, zisipondeke. Vaa gambuti yako.”

“Mtaningoja?”

“Si nakungoja hapa,” akasema Nashipae.

Kishamba cha Koko kilikuwa ng'ambo ya mfereji. Nilivuka pale aliponionyesha. Nilichuma kwa makini, nikiinua kila tunda kulitazama chini, na mikono yangu ikanuka ule ukijani mkali wa majani ya mnyanya. Nzuri kuliko zote nilimtengea Nashipae. Ilikuwa nyekundu upande mmoja na njano upande wa pili, haina hata alama. Niliitia mfukoni peke yake ili isigusane na nyingine. Nilisikia gari likiwaka. Nikafikiri Baba anapasha injini moto.

Nilipotoka ukingoni mwa mfereji na kufika uani, vumbi lilikuwa bado linaelea langoni. Begi langu dogo la nguo lilikuwa juu ya kitanda chenye shuka mpya. Niliona kupitia mlango ulioachwa wazi. Koko alikuwa amechuchumaa akimfungua ndama mwekundu. Akaniona na nyanya kwenye pindo la gauni, uso wake ukachanua.

“Ona huyu,” akasema. “Leo leo ameanza kazi.”

Nikamwambia nyanya ni za njiani. Nashipae amenituma.

“Njia gani?” akauliza Koko.

“Ya baharini.”

 Alitazama nyanya, akatazama gambuti, akatazama lango. Ndama alimponyoka akakimbilia kwa mama yake, Koko asimjali. Aliponisemesha tena sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayepapasa gizani asikwaze kitu.

“Lakini si ni wewe uliomba, enkerai ai, mtoto wangu? Baba yako aliniambia ni maneno yako mwenyewe. Ati unatamani kulala kwa Koko kila siku, usikie ndama wakilia.”

Mtu akikuibia kitu, huwa unakitafuta kwanza kila mahali kabla ya kukubali kimeibiwa. Nami nilitafuta. Nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumwambia Baba neno lile, au Mama, au hata mwalimu. Nilikumbuka mvua tu. Nilikumbuka mdomo wangu ukiwa ndani ya sikio la mtu mmoja. Nikaachia pindo la gauni, nyanya zikabiringika mpaka miguuni pa ng'ombe, nikalia kilio ambacho sijawahi kulia tena, hata msibani.

Koko hakunibembeleza. Aliingia ndani akatoka na simu yake ndogo ya tochi. Nashipae alikuwa amemwekea namba ya Baba kwenye kitufe cha kwanza. Koko alikibonyeza, akashikilia. Spika ya simu ile ilikuwa ya watu wanaoongea kutoka kilima hadi kilima. Alianza kwa Kimaa, kisha akaniona namtazama, akageukia Kiswahili ili nisikie kila kitu.

“Lemaiyan, niko na mtoto hapa analia. Uliniambia mtoto ameomba.”

Baba akasema mtandao ni mbaya.

“Mtandao ni mzuri. Nasikia vile unapumua.”

Gari likasikika likipunguza mwendo. Baba akasema kwamba kama ningeambiwa ningelia, na Koko angeniona nikilia angekataa kubaki nami. Alisema kwa ule upole wake wa sokoni.

“Ndio, ningekataa,” akasema Koko. “Si ndio sababu ya kuniuliza?”

Kukawa na mkwaruzo, halafu sauti ya Nashipae ikaomba nipewe simu. Koko alininyooshea mkono. Niliishika simu kwa mikono miwili.

“Usinikasirikie,” akasema Nashipae. Alikuwa analia pia, na hilo liliniudhi zaidi, kana kwamba ameninyang'anya hata kilio. “Mimi pia nililetwa hivyo hivyo. Nilitumwa maji. Nikirudi, gari haiko.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu niitwe chuo. Baba alisema siwezi kuenda kama hakuna wa kubaki na Koko.”

“Mbona hukuniambia?”

 Nilisikia indiketa ya gari, tik, tik, tik.

“Ningekuambia ungekataa,” akasema. “Na ukikataa, mimi siendi.”

Nilimrudishia Koko simu. Yeye hakuiweka sikioni. Aliizima akakaa nayo mapajani, akiitazama. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa amesikia yote, na kwamba neno lililomchoma halikuwa langu. Nashipae alikaa kwake tangu akiwa mdogo kuliko mimi. Waliimba pamoja wakikamua. Walilala chini ya paa moja utoto wote wa msichana yule, na Koko alikuwa akiamini muda wote huo kwamba mtoto alikuja kwa kupenda.

“Hata yeye,” akasema, si kwangu.

Baadaye aliinuka akanimiminia maziwa kwenye kikombe cha udongo kilichokuwa cha wageni. Akasema ng'ombe ndiye huibiwa, mtoto haibiwi. Mpaka gari litakaporudi mimi ni mgeni wake, na mgeni hachoti maji. Na kweli, siku zile hakuniacha niguse kitu. Niliposhika kikombe nikioshe, alinipokonya. Nilikaa kwenye kigoda na gambuti zangu safi, mgeni wa miaka tisa, nikimtazama mama mzee akibeba ndoo peke yake.

Siku ambayo Baba, alipopigiwa tena, alisema watapita kunichukua, Koko alivaa shanga zake zote. Alibeba begi langu mwenyewe. Tulikaa kwenye baraza la duka kando ya lami tangu asubuhi, na kila pikapu nyeupe ilipotokea nilisimama, na yeye akasimama nami, na tulipoona si yenyewe tukakaa. Mwenye duka alitupa soda, akakataa kulipwa. Malori ya vitunguu yalipita yakidondosha maganda. Jua lilipoanza kulegea, simu ikaita. Baba alisema wamepitia barabara kuu, wako Emali tayari, mwenye gari analitaka. Watakuja mwezi ujao.

“Mwambie nampenda,” akasema.

“Mwambie mwenyewe,” akasema Koko. Nilipoiweka simu sikioni, ilikuwa imekatika.

Tulirudi nyumbani. Langoni Koko aliweka begi chini, akaniinamia mpaka shanga zake zikanigusa kifua.

“Mimi walinidanganya, na wewe walikudanganya,” akasema. “Sasa mimi nakuuliza. Utakaa na mimi?”

Nilijua jibu alilotaka. Mtoto yeyote anajua jibu ambalo mtu mzima anataka. Ndiyo elimu ya kwanza tunayopata. Nikamwambia, “Hapana.”

Nilingoja anikasirikie. Aliinuka polepole, akishika goti.

“Sawa,” akasema. “Nimesikia.”

Na alisikia. Wiki iliyofuata alimwachia jirani ng'ombe, akanirudisha Kitengela mwenyewe, yeye ambaye alichukia mji kwa sababu mbwa wake hawana adabu. Baba alitupokea kwa supu ya mbuzi. Wakaja wazee wawili wa upande wake, wakaeleza kwa maneno matamu kwamba nyumba ya mama haiwezi kuachwa bila mtoto, na kwamba watoto wote hulia mwanzoni. Mama alilia jikoni, kimya, akikata sukuma wiki. Nafasi yangu shuleni ilikuwa imepewa mwingine. Kesho yake Baba alitusindikiza sote wawili hadi Kimana, na Koko alikaa nyuma pamoja nami njia nzima, asimsemeshe mwanawe hata neno la kuomba dirisha lifungwe.

Kwa hiyo nilikaa. Nilisoma shule ya Kimana, nilijifunza mluzi, nilipanda vitunguu, mikono yangu ikanuka vitunguu hata Jumapili. Mama alikuwa akija na mkate na nguo alizoshona, akakaa kitandani kwangu akinishika mkono. Mara moja akaniambia alidhani akiwakatalia watu wa Baba atafukuzwa yeye.  

Na kila shule zilipofungwa, Koko aliniuliza. Aliniuliza langoni, amesimama wima, kana kwamba ni mara ya kwanza. Utakaa na mimi? Nami nilijibu hapana. Sawa, nimesikia. Halafu alimpigia Baba simu, akasema, “Mtoto amesema hapana,” akakata bila salamu, tukaingia kula. Ilifika wakati jirani zetu walikuwa wakitania, wakiniuliza njiani kama mwaka huu nimebadilisha kura.

Nilimpenda. Hilo liwe wazi. Nilimpenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunilisha, na hilo halikubadilisha jibu. Labda ningeulizwa mwanzo ningesema ndiyo. Nilikuwa nayo, ile ndiyo, nilimnong'oneza dada yangu chini ya blanketi. Lakini waliichukua kabla sijaitoa, na kitu kilichochukuliwa hivyo huwezi tena kukitoa zawadi.

Nashipae sasa ni mwalimu huko huko pwani. Likizo yake ya kwanza aliniletea kombe kubwa la baharini, la waridi kwa ndani, nikalitupa mferejini, naye akiniona. Tunapigiana simu. Watoto wake wananiita mama mdogo wa vitunguu, na mdogo wao anacheka kama mimi. Ni mtu mwema. Alikuwa msichana aliyetaka kwenda shule, na mlango uliowekwa mbele yake ulikuwa na ukubwa wa mwili wangu. Naelewa hayo yote. Watu husema ukielewa utasamehe, nami nimengoja, na mambo hayo mawili bado hayajakutana.

Mwaka ambao Koko aliugua nilikuwa nafanya kazi Nairobi. Nilichukua ruhusa nikashuka Kimana. Nilimkuta amelazwa karibu na mlango, kwa sababu alitaka kuona ng'ombe wakitoka. Ilikuwa asubuhi, jua limeingia mpaka kwenye blanketi lake. Alikuwa amekuwa mdogo. Nilimwinamishia kichwa, akanigusa utosini, na vidole vyake havikuwa na uzito wowote.

Tuliongea habari za mvua. Nilimnywesha chai kwa kijiko. Halafu akanitazama, na nikajua linalokuja, kwani alijaribu kuinuka kidogo kwa kiwiko kama mtu anayetaka kusimama wima.

“Utakaa na mimi?”

Nilikuwa nimekuja na ruhusa ya wiki. Nilitazama mifupa ya mabega yake, nikasema, “Ndiyo, Koko.”

Hakutabasamu. Alinikazia macho yake yaliyofifia, na nikaona ndani yake ule mkao wa mtu anayetazama lango na vumbi linaloelea.

“Usianze leo,” akasema. “Kwa hii nyumba ni wewe tu hujawahi kunidanganya.”

Nje, ng'ombe walikuwa wamefika mferejini, na mtu aliyewachunga alikuwa akiwapigia mluzi.  Nilimrekebishia mto.

“Hapana, Koko,” nikasema.

“Sawa.” Akajilaza, akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. “Nimesikia.”